Upande wa Kitasa

Mkandarasi aliapa tena kwamba ule mlango haukufungwa na mtu, na kilichomkera Inspekta ni kwamba alionekana anasema kweli.

"Afande, funguo za kitasa hiki bado ziko kwenye mfuko wake wa dukani. Hazijaguswa. Tazama!" Akausukuma mlango kwa vidole viwili. Ukaingia ndani ya korido, ukasita, kisha mkono wa chuma uliofungwa juu yake ukaurudisha polepole mpaka ukabana. "Huu hata mtoto wa chekechea anaufungua. Mama Futi alishikwa na hofu, basi. Mtu mzima naye hushikwa na hofu, si dhambi."

"Mama Futi hajasema mlango ulifungwa," Inspekta akamjibu. "Amesema kulikuwa na chungu."

"Chungu!" Mkandarasi akacheka, kicheko cha mtu aliyekosa usingizi. "Chungu cha maua kinachokuja chenyewe na kuondoka chenyewe. Kina miguu hicho?"

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na watu waliomzoea walijua kwamba upole ule ukizidi, kuna mtu anakaribia kulia. Tangu jana alikuwa amekwisha kumvika mkandarasi pingu akilini mwake, na sasa pingu zenyewe zilikuwa zinakataa kubana.

Jengo walimosimama lilikuwa kliniki mpya ya mifupa na viungo, bado linanuka rangi. Kabla jengo kama hilo halijafunguliwa, sheria ilitaka likaguliwe na mtu wa kuthibitisha kwamba mgonjwa aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia, kuzunguka na kutoka bila kumwomba mtu msaada. Mtu huyo alikuwa Mama Futi. Jina hilo mafundi walimbandika kwa sababu ya futi ya kupimia iliyokuwa daima mapajani mwake, na walilitamka kwa heshima iliyochanganyika na woga. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kiti tangu ajali ya ujanani. Korido ikiwa nyembamba, mteremko ukiwa mkali, swichi ya taa ikiwa juu mno, Mama Futi alikuwa akisema "vunja", na mtu akavunja.

Alikuwa na desturi moja asiyoivunja kwa mfalme wala kwa mwombaji. Jengo alilikagua peke yake. Simu aliiacha langoni, na langoni pia alimwacha mdogo wake, mwanamke mkimya ambaye ndiye aliyemsukuma miaka yote hiyo na ambaye mafundi, kwa utani wao, walimwita Injini. "Mgonjwa atakayekuja hapa hatakuja na mdogo wangu," Mama Futi alikuwa akisema. "Acheni nihangaike kama atakavyohangaika yeye."

Juzi alihangaika mpaka akakaribia kufa. Alipita ukumbi wa mapokezi, akausukuma mlango huu, akaingia korido ya vyumba vya mazoezi, akaenda hadi mwisho ambako korido inakunja kushoto na haina njia nyingine ya kutokea. Alipomaliza kupima kule kwenye kona na kurudi, akakuta chungu kikubwa cha maua kimesimama ukutani, pembeni ya mlango, upande wa kitasa. Alipoingia hakikuwepo. Zulia la plastiki la sakafuni lilikuwa limegandishwa kwa gundi siku iliyotangulia na madirisha yalikuwa bado yamezibwa kwa nailoni ili rangi isiharibike. Mvuke wa gundi ulikuwa umejaa humo. Alivuta mlango, alibisha, aliita, akazimia. Walipomtoa, chungu hakikuwepo.

Hayo ndiyo maelezo yake, na hakuna aliyeyaamini. Daktari alisema mvuke wa gundi unaweza kumfanya mtu aone maruweruwe. Mkandarasi aliyadaka maneno hayo kwa mikono miwili akayapeleka kwenye baraza la wakaguzi. Na baraza, ambalo mwezi huohuo lilikuwa limemteua Mama Futi kuwa mkaguzi mkuu wa hospitali zote za nchi, sasa lilikuwa likae kesho kuamua kama mama huyu ni wa kupandishwa cheo au wa kupumzishwa. Mkaguzi anayeona vyungu visivyokuwepo, nani atamwamini akisema ukuta umepinda?

Hata mdogo wake hakumtetea. Inspekta alimhoji jana, na yule mwanamke aliinamisha kichwa akasema kwa huruma nyingi: "Dada siku hizi anasahausahau, afande. Mimi chungu sikukiona." Inspekta alimwonea huruma, akampa hata leso yake.

"Koplo," akaita sasa. "Lete kile kiti."

Koplo, kijana mrefu mwenye maneno mengi kuliko vyeo, alikuja akikisukuma kiti cha magurudumu walichoazima hospitali. "Nani anakaa, afande?"

"Wewe miguu yako itafika barabarani. Nakaa mimi."

Akakaa. Kiti kikalalamika kidogo. Akajisukuma mpaka ndani ya korido, mlango ukajifunga nyuma yake, akageuza kiti kwa shida akaukabili. Akashika kishikio akavuta. Mlango ukaja, ukagonga vikanyagio vya miguu, ukasimama.

"Rudi nyuma, afande!" Koplo akapaza sauti kutoka upande wa pili.

Akarudi nyuma. Mkono haukufika tena kwenye kishikio. Akasogea, akavuta, akajaribu kurudi nyuma huku ameshika, na gurudumu moja likaenda huku na jingine kule. Mlango ukamponyoka ukajifunga. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso, na gundi ile, ingawa madirisha sasa yalikuwa wazi, ikaanza kumkereketa kooni.

Ndipo alipokumbuka jinsi Mama Futi alivyomweleza kitandani, kwa sauti ya kukwaruza: mtu wa kiti havuti mlango akiwa mbele yake. Anakaa ubavuni, upande wa kitasa, pale penye ukuta mtupu, anauvuta upite mbele ya magoti yake, halafu anaingia kwenye uwazi. Inspekta akasogea pale ubavuni. Akavuta. Mlango ukapita mbele ya magoti yake bila kumgusa, akatoka ukumbini akimwangalia Koplo kama aliyeshinda mashindano.

"Sasa lete chungu," akasema.

Koplo akatazama huku na huku. "Viko viwili, afande. Kimoja pale chini, kando ya meza ya mapokezi, na hiki hapa karibu, kando ya mlango."

"Hicho cha karibu usikiguse hata kwa bahati mbaya. Kibebe cha mezani."

Koplo akakibeba akihema, akakiweka ndani ya korido pale penye ukuta mtupu, upande wa kitasa. Inspekta akarudi ndani na kiti chake. Safari hii hapakuwa na pa kukaa ubavuni. Alivuta, ukamgonga. Alirudi nyuma, ukamponyoka. Alijaribu kuinama na kukisukuma chungu, lakini kiti ndicho kilichorudi nyuma na chungu kikabaki palepale kimetulia na maua yake. Alijua angeweza kusimama wakati wowote akatoka. Alijizuia asisimame, kwa makusudi, mpaka akasikia moyo unamdunda masikioni. Mlango usio na funguo, wenye kufunguliwa na mtoto wa chekechea, ulikuwa umemfungia.

Aliposimama hakumtania mtu.

"Amesema kweli," akamwambia Koplo. "Chungu kilikuwepo. Hakuna maruweruwe yanayojua kuchagua mahali vizuri hivi."

Mkandarasi alikuwa ameacha kucheka. Inspekta akamgeukia.

"Jengo lako la mwaka jana, Mama Futi alikuvunjisha kuta."

"Alinivunjisha, ndiyo. Na aliniaibisha mbele ya mafundi wangu. Lakini afande, kumkasirikia mtu na kumuua ni vitu viwili."

"Basi nisaidie. Tuseme wewe ndiye unataka kumfungia humu, na funguo huna. Una chungu tu. Kiweke."

"Unanitega."

"Nakutega, ndiyo. Kiweke."

Mkandarasi akakishika chungu kwa hasira za mtu anayetaka kuonyesha hana la kuficha. Akakinyanyua akakiweka katikati, nyuma kabisa ya mlango. "Hapa. Nani atafungua?"

"Hata wewe hufungui," Koplo akamwambia. "Sasa mzee, utatokea wapi?"

Mkandarasi akaangalia mlango, akaangalia chungu, akajiona amejifungia mwenyewe. Akakinyanyua tena, akakitoa nje ukumbini, akakiweka mbele ya mlango. Inspekta akauvuta mlango kutoka ndani. Ukafunguka bila kukigusa chungu, akachungulia juu ya maua akamwangalia.

"Huu unafungukia ndani, mkandarasi. Uliuweka mwenyewe."

"Basi sijui!" Mkandarasi akarusha mikono. "Mimi ningetafuta funguo. Kwani pale ubavuni pana nini? Mlango wenyewe mpana hivi, hata ng'ombe anapita."

Inspekta alimtazama kitambo. Ujinga ule haukuwa wa kuigiza. Mtu huyu alikuwa amejenga milango nusu ya mji na hakujua kwamba uhai wa mtu wa kiti uko kwenye kipande cha ukuta pembeni ya kitasa. Anayetembea kwa miguu hapajui pale kwa sababu hajawahi kupahitaji. Zile pingu alizomvika jana zikamdondoka, na Inspekta akachukia, maana mshitakiwa uliyemchagua mwenyewe ni mtamu.

Akageukia kile chungu cha pili, kile alichomkataza Koplo asikiguse. Kilisimama ukumbini, nje ya korido, kimebanwa ukutani upande wa bawaba.

"Nani alikiweka hapa?"

Mkandarasi akakuna kidevu. "Hapa? Hapana, vyungu vyote viwili vilikuwa chini kando ya meza, kimoja kila upande. Nilipiga picha asubuhi ile kabla ya ukaguzi, nimtumie mwenye mali." Akaitoa simu. Pichani meza ya mapokezi ilikuwa na chungu kulia na chungu kushoto.

Inspekta akapiga magoti, jambo ambalo kwa umbo lake halikuwa dogo, akaweka tochi chini kabisa ili mwanga ulale sakafuni. Mikwaruzo ikajitokeza. Zulia jipya halikuwa limesahau kitu. Mkwaruzo mmoja ulitoka kwenye meza ya mapokezi ukaingia koridoni hadi ukutani upande wa kitasa. Mwingine ulitokea palepale, ukavuka kizingiti kurudi ukumbini, halafu ukakata kona, ukapita upana wote wa mlango, ukaenda kuishia upande wa bawaba, chini ya kile chungu.

"Koplo, kibebe hicho kingine tena. Tuseme umekitoa humo ndani mbio mbio, mtu amezimia, unaogopa kukamatwa. Unakitupa wapi?"

Koplo akakirudisha koridoni kile cha mezani, akakiburuta hadi nje ya kizingiti, akakiacha kwenye ukuta wa kwanza aliokutana nao, upande uleule wa kitasa. "Hapa, afande. Pana nafasi, pako karibu. Ningekipeleka kule kwingine nina wazimu?"

"Huyu alikipeleka." Inspekta akajifuta vumbi magotini. "Ana haraka, anatetemeka, na bado amekivusha mlango mzima akakibana upande wa bawaba, ili upande wa kitasa ubaki mtupu. Hakufikiri. Mikono yake ndiyo iliyofikiri. Umesema mlinzi wa langoni alisema nini juu ya yule mdogo wake Mama Futi?"

"Alikaa naye langoni, isipokuwa aliaga mara moja kwenda kujisaidia. Halafu mlinzi akasikia ukelele, akakimbilia ndani, akamkuta tayari yuko na dada yake koridoni."

"Mimi aliniambia alifika nyuma ya mlinzi."

Koplo akakiacha chungu, akaenda kuwasha gari.

* * *

Mama Futi alikuwa amelala ameinuliwa mito, mpira wa hewa puani, macho makali kama alivyokuwa akiyaelekeza kwenye kuta za watu. Mdogo wake hakuwepo chumbani. Alikuwa amekwenda kuchukua maji ya moto.

"Umepima?" Mama Futi akauliza kabla ya salamu.

"Nimepima, dada. Chungu kilikuwepo. Nimekaa kwenye kiti mwenyewe."

Mama Futi akafumba macho. Machozi yakatoka pembeni, akayaacha yashuke. "Nilianza kujitilia shaka mwenyewe, Inspekta. Mtu akiambiwa na kila aliye karibu naye kwamba kichwa chake kimeharibika, mwisho hukikagua. Hata mdogo wangu ananiambia, 'Pumzika dada, usijisumbue na habari za vyungu.' Huyo ambaye hajawahi kunidanganya."

Mlango wa chumba ulikuwa umefunguliwa na mgongo wa mtu, na mdogo mtu akaingia kinyumenyume na chupa ya maji ya moto mkono mmoja, vikombe mkono wa pili. Akamsalimia Inspekta kwa adabu, akaulizia watoto, akalalamikia foleni ya kule jikoni. Muuguzi alikuwa ameacha kikapu cha taka karibu na mlango, upande wa kitasa. Huku anaongea, bila kukitazama, yule mwanamke alikisukuma kwa mguu kikavuka upana wote wa mlango mpaka upande wa bawaba, kisha akakipigapiga kwa kisigino kikabana ukutani.

Inspekta akakitazama kile kikapu. Jana alimpa mwanamke huyu leso yake.

"Mdogo wangu," akamwambia kwa upole mkubwa. "Hebu njoo hapa nje tuzungumze kidogo."

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, Koplo amesimama mbali kidogo akijifanya anasoma tangazo la chanjo.

"Kile kikapu umekihamisha kwa nini?"

"Kikapu gani?"

"Cha taka. Sasa hivi."

"Aa." Akafikiri. "Dada akitaka kutoka kingemzuia."

"Dada yako ana mpira puani. Leo hatoki."

"Mazoea tu, afande. Kila chumba tunachoingia lazima nimsafishie pale pembeni. Siku hizi hata sijioni nikifanya."

"Najua. Hata juzi hukujiona."

Mwanamke yule alitabasamu kama asiyeelewa, kisha tabasamu likamwishia.

"Chungu ulikitoa koridoni," Inspekta akaendelea, "ukakivusha mlango mzima ukakibana upande wa bawaba. Mkandarasi angekiacha popote. Koplo wangu kakiacha palipo karibu. Mtu mmoja tu, hata akiwa anaficha uovu, mikono yake inakataa kuziba upande wa kitasa. Sakafu ina alama, mama. Na uliniambia ulifika nyuma ya mlinzi."

Ukumbini muuguzi alipita akisukuma toroli la dawa. Walingoja lipite.

"Sikutaka afe," mdogo mtu akasema hatimaye.

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka aniite." Alikuwa anaiangalia mikono yake. "Baraza wamempa kiti cha umeme. Wamempa nyumba kule atakakohamia, milango inajifungua yenyewe. Siku waliyomletea habari akanikalisha chini, amejaa furaha, akaniambia, 'Mdogo wangu, umenisukuma vya kutosha. Sasa nenda kaishi maisha yako.' Maisha yapi, afande? Mchumba wangu alichoka kungoja akaoa, watoto wake sasa wananiamkia barabarani. Kazi sina, nimejifunza kazi moja tu. Wananiita Injini na mimi nacheka. Injini ikitolewa kwenye gari, huwekwa wapi?"

"Kwa hiyo ukaweka chungu."

"Nilisema akwame kidogo. Akwame, aniite, nimtoe, aone kwamba bado. Kwamba hawezi. Basi."

"Akakwama."

"Nilikaa kwenye meza ya mapokezi. Nikamsikia anabisha. Alimwita mlinzi. Akamwita fundi yeyote aliye karibu. Akamwita mpaka mkandarasi, mtu ambaye hawapikiki naye chungu kimoja! Mimi hakuniita, afande. Nikasema moyoni, ataniita tu, akiniita mara moja ninaingia. Habari za gundi sikuzijua, naapa. Halafu akanyamaza."

"Ukaingia."

"Nikaingia."

"Ukaanza na nini? Dada yako, au chungu?"

Yule mwanamke alifunika uso. Inspekta alimngoja. Alikuwa na hasira kali kiasi kwamba aliogopa sauti yake mwenyewe.

"Chungu," likaja jibu kutoka nyuma ya viganja.

"Na jana nilipokuuliza, ukasema anasahausahau. Unajua kesho baraza linakaa. Ungemwacha avuliwe kazi, aonekane mwehu, ili mrudi nyumbani wewe na yeye."

"Ningemtunza," mdogo mtu akasema kwa sauti ndogo. "Ningemtunza vizuri kuliko mtu yeyote."

Inspekta akasimama. "Inuka. Twende ukamwambie."

"Mwambie wewe, afande. Nakuomba."

"Mimi sikumfungia mlango."

Mama Futi aliwaona wakiingia, akaiona sura ya mdogo wake, na kabla ya neno kusemwa akawa ameshika ukingo wa kitanda. Mdogo mtu alisimama katikati ya chumba, akayasema yote, maneno machache, bila kuinua macho. Chungu alikiweka yeye. Chungu alikitoa yeye. Alisema uongo kwa polisi.

Mpira wa hewa ulikuwa unapiga filimbi ndogo kila Mama Futi alipovuta pumzi. Aliuliza jambo moja tu.

"Nilipokuwa nabisha, ulikuwa unanisikia?"

"Nilikusikia." Ndipo machozi yakammwagika na maneno yakamtoka kwa vishindo, kama mtu aliyeonewa yeye. "Mbona hukuniita, dada? Uliwaita watu wote! Ungeniita mimi, mara moja tu, ningekuja! Kwa nini hukuniita?"

Mama Futi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe si una pumu?"

Mdogo mtu akajishika kifua.

"Ile harufu iliponikaba kooni, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kifua chako. Nikasema, huyu akisikia atakimbilia humu bila kufikiri, tutafia humu wote wawili. Nikawaita watu wengine. Nilikuwa naliita kila jina ninalolijua ili lisinitoke lako."

Mdogo mtu akaenda chini palepale kwenye vigae, akatambaa hadi kitandani akatafuta mkono wa dada yake. Mama Futi aliuondoa mkono ule, akauweka kifuani mwake juu ya shuka. Koplo mlangoni aligeuka akaangalia ukutani.

"Siku nilipokuambia ukaishi maisha yako," Mama Futi akasema, "nilidhani nakupa zawadi. Ulinikumbatia ukasema hongera. Kama ungesema tu, 'Dada, usiende,' ningekaa. Kazi ningeiacha na kiti chao ningewarudishia. Neno moja tu. Unanielewa? Ningekaa."

"Dada..."

"Sasa nakwenda." Akageuza uso kwa Inspekta, na sauti ya kukwaruza ikawa ile ambayo wakandarasi waliijua. "Andika, mama. Andika kwamba chungu kilikuwepo, na kwamba kiliwekwa na mdogo wangu, mtoto wa mama yangu. Nitasaini mwenyewe. Na baraza walisome lote kesho, wasiruke hata mstari."

Inspekta akavuta kiti karibu na kitanda, akaandika. Chini yake mwanamke yule alikuwa bado amepiga magoti, analia huku anaomba msamaha, na Mama Futi alikuwa anasubiri anyamaze ili maelezo yake yasikike vizuri.